Kwa nini injini hutetemeka ikiwashwa ikiwa baridi

Gari lililolala usiku kucha likiwashwa, injini huunguruma kuliko kawaida na kutetemeka kidogo, halafu taratibu hutulia. Chanzo kikubwa ni petroli yenyewe.

Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Injini ikishapata moto, matone yanayorushwa na nozeli (vinyunyizio vya petroli) hugeuka mvuke mara moja. Vyuma vikiwa baridi, sehemu ya matone hayo hunata kwenye njia ya hewa na kuta za silinda. Basi silinda moja hupata mvuke wa kutosha, nyingine hupungukiwa; mlipuko huu una nguvu, unaofuata ni dhaifu. Kupishana huko kwa nguvu ndiko unakokusikia mpaka kwenye usukani.

Kompyuta ya gari husoma joto la maji ya injini kupitia sensa, kisha huongeza petroli ili angalau mvuke utoshe. Injini iliyopata moto hutumia takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikiwa baridi hupewa petroli zaidi ya hapo. Na kompyuta hukadiria tu, kwa kuwa sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi haisomi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi mia kadhaa. Kwenye magari ya karibureta, kazi hiyo ni ya choki, kibati kinachobana hewa ili mchanganyiko uwe na petroli zaidi.

Kompyuta pia hupandisha mizunguko ya injini, ndiyo maana mshale wa mizunguko kwa dakika hukaa juu ya 1,000 kabla ya kushuka. Magari mengi huchelewesha na cheche za plagi kwa makusudi, ili moshi utoke na joto kali na masega ya ekzosi yanayosafisha moshi yaanze kazi mapema. Kwa hiyo mngurumo wa dakika ya kwanza si ugonjwa. Usikanyage mafuta ukidhani unaisaidia injini: oili bado nzito. Ondoka polepole.

Ugonjwa ni pale injini inapomisi waziwazi, yaani silinda fulani inaporuka bila kuwaka, au inapoendelea kutetemeka hata ikishapata moto. Anza na plagi na koili zinazozipa plagi umeme, kisha mipira ya hewa iliyopasuka. Harufu kali ya petroli na moshi mweusi huweza kuwa nozeli inayovuja usiku.

Dalili ya kuogopa kweli ni injini kumisi asubuhi huku ikitoa moshi mweupe mzito usiokoma, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia. Hapo shuku gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya silinda na kifuniko chake cha juu: maji huenda yanapenya silinda gari likiwa limezimwa. Mvuke mwepesi unaopotea haraka kwenye baridi hauna neno. Ili kuhakikisha, weka alama kwenye tanki la akiba la maji injini ikiwa imepoa, kisha angalia tena asubuhi kadhaa kabla ya kuwasha. Kiwango kikizidi kushuka, usiendelee kuliendesha; mwite fundi apime mgandamizo wa silinda.