Vermikulaiti ni ya trei, si ya shamba zima

Mwaka juzi nilimpelekea mama mkubwa gunia la vermikulaiti, yale madini mepesi ya kuchanganya na udongo ili ushike maji, kule Nyamasaria, Kisumu. Sukuma wiki yake ilikuwa imedumaa, nami nilitaka sana kumsaidia. Tulilimwaga lote kwenye tuta moja, tukachanganya kwa jembe, tukatia maji, nikarudi zangu Nakuru. Masika ilipokolea akanipigia simu: "Mwanangu, ile dawa yako imelala na maji. Tuta limekuwa matope matupu."

Nilienda kuona. Nilichota udongo mkono mmoja nikaukamua. Vile vipande vilivyong'aa kama dhahabu tulipofungua gunia vilikuwa vimepondeka vikawa uji, vimeshikana na udongo mweusi hata huwezi kuvitenganisha. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma, maana mimi ndiye niliyesomea udongo. Nimetumia kitu hiki miaka mingi katika kitalu changu cha miche, nikasahau kwamba udongo wa Nakuru na wa Nyamasaria hauna undugu.

Vermikulaiti ni madini ya jamii ya ulanga (mica). Mwambani hukaa kwa matabaka membamba kama kurasa za kitabu, na katikati ya kurasa hizo kuna maji kidogo yaliyonaswa. Yakiingizwa ghafla kwenye tanuri la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, maji yale hugeuka mvuke kwa mpigo na kuzitenga kurasa, kama punje ya mahindi inavyogeuka bisi. Kipande kinaweza kutanuka mara 8 hadi mara 30, na kikirefuka hujinyonganyonga kama mnyoo. Ndiyo asili ya jina, lililotolewa Marekani mwaka 1824 kutokana na neno la Kilatini linalohusu minyoo. Tena si kitu cha mbali na sisi: mgodi wa Namekara uko mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wetu.

Kama unayo nyumbani, chukua kipande kimoja ukielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mikunjo yake, mmoja juu ya mwingine, kama kinanda cha mkono. Sasa kiloweshe, ukibonyeze kwa kidole gumba. Kinabonyea, na hakirudi. Mtu akikielewa kitendo hicho kidogo, hahitaji tena kuniuliza aitumie wapi. Faida yote imo ndani ya ile mikunjo: ndimo maji yanamokaa, ndimo hewa inamopita, ndimo chembe za potasiamu, magnesiamu na amonia zinamoshikwa zisioshwe na maji hadi mizizi izifikie. Ukiiponda kwa jembe ndani ya udongo mzito, umefunga vyumba vyote.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano kule Kisumu, ule unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kumeza kidole kiangazi kikija, una mfinyanzi ambao nao ni wa matabaka yanayovimba yakipata maji. Kwa hiyo unashika maji na chakula cha mmea tayari, tena kupita kiasi. Kinachokosekana ni njia ya hewa na pa kutokea maji. Mimi nilimwongezea mama mkubwa kitu alichokuwa nacho tele.

Hapa Nakuru mambo ni kinyume. Sehemu kubwa ya mji na viunga vyake imekalia majivu na changarawe nyepesi za volkano. Ukimwagilia asubuhi, saa nane mchana juu ni vumbi. Ukipanda dania kwenye ndoo au mikebe kwenye ghorofa, hali ni mbaya zaidi, maana ndoo haina udongo wa chini wa kuazima unyevu. Hapo vermikulaiti inafaa kweli. Kwa ndoo na mikebe huwa napima gorogoro moja ya vermikulaiti kwa gorogoro tatu za udongo uliochanganywa na mboji. Tena ni nyepesi: gunia la lita 100 lina kilo kumi hivi, na anayepandisha udongo ngazi hadi ghorofa ya nne anajua maana ya hilo.

Lakini penzi langu hasa ni trei. Mbegu za managu ni ndogo mno. Ukizifukia chini kidogo tu hazitoki, ukiziacha juu zinakauka. Ninajaza trei mchanganyiko wa nusu kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa chumvi na nusu vermikulaiti laini, nasambaza mbegu, halafu napepeta vermikulaiti kavu juu yake hadi mbegu zisionekane, basi. Tabaka hilo halifanyi gamba gumu kama udongo, kwa hiyo mche mchanga haupambani kutoka. Mbegu za saladi, zinazopenda mwanga ili ziote, hupata mwanga wa kutosha kupitia tabaka jembamba. Trei naiweka ndani ya karai lenye maji kidogo inywe kutoka chini. Rangi ya juu ikigeuka kutoka dhahabu iliyopauka kuwa kahawia, naitoa.

Na kwa kuwa imepita motoni, haina vimelea vya ule ugonjwa wa miche kulegea shingo na kulala, ambao wakulima wa Tanzania huuita kinyausi. Usiiharibie sifa hiyo kwa kuichanganya na samadi mbichi au kutumia trei chafu. Jambo moja tu: vermikulaiti si mbolea. Hata hicho chakula inachokishika lazima wewe ukilete. Majani ya kweli yakishatokea, anza kuilisha miche kwa mbolea ya maji iliyozimuliwa.

Kwa nini nisiiweke kwenye tuta hata hapa Nakuru? Piga hesabu. Tuta la mita 3 kwa mita 1, udongo wa kina cha sentimita 15, ni lita 450. Robo yake ni zaidi ya lita 112. Hilo ni gunia zima na ziada, kwa tuta moja la sukuma wiki! Mboji na samadi iliyooza vizuri vitashika maji katika udongo huu, vitalisha mimea na minyoo, na vingi vyake unavyo nyumbani.

Ukienda kununua, fungua mfuko uangalie. Niliwahi kuuziwa perlaiti nikiambiwa ni kitu kimoja. Si kimoja. Perlaiti ni nyeupe, ngumu kidogo, kazi yake kubwa ni kupitisha maji na hewa; vermikulaiti ni ya kahawia inayometa, kazi yake kuyashika. Aloe na mimea mingine isiyopenda miguu kulowa ipe perlaiti, au zile changarawe nyepesi za volkano tulizonazo tele Bonde la Ufa.

Kuhusu vumbi sina mzaha. Mgodi wa Libby, Montana, Marekani, uliofungwa mwaka 1990, ulikuwa na vermikulaiti iliyochanganyika na asbestosi, na watu wengi wa mji ule, wachimbaji na familia zao, waliugua mapafu na kufa. Si kila mgodi una asbestosi, lakini nunua mfuko ulioandikwa ilikotoka, na kabla ya kuimwaga inyunyizie maji humohumo mfukoni. Vumbi la madini yoyote si la kuvutwa puani, na watoto wakae kando.

Tuta la Nyamasaria tulilifanya upya. Tuliliinua sentimita 30 juu ya ardhi, tukachimba mfereji kando, tukachanganya samadi ya ng'ombe iliyooza na majani makavu, na msimu uliofuata sukuma ikasimama. Vermikulaiti nilimpelekea tena, safari hii gorogoro mbili tu, za kuotesha osuga, ndiyo managu kwa Kijaluo, kwenye trei yake dirishani. Tulipanda siku moja, yeye kwake na mimi kwangu. Yake iliota siku kadhaa kabla ya yangu, kwa sababu ya lile joto la Kisumu.