Drili ya zamani na betri za lithiamu: yanayosemwa na ukweli wake

Kwenye karakana nyingi za useremala hapa Tabora, drili ya chaji ikianza kutokaa na chaji inatupiwa chini ya meza. Imekufa, wanasema. Mara nyingi kilichokufa ni betri tu; mota na gia bado zinatoboa mninga vizuri. Fungua kasha la betri ya volti 12 ya zamani: kuna seli 10 za nikeli-kadimiamu, volti 1.2 kila moja, na baadhi zimeota ukoko mweupe kwenye ncha. Hizo unaweza kuzitoa na kuweka seli za lithiamu mahali pake.

Wapo wanaoogopa kwamba lithiamu itaunguza mota. Seli tatu za lithiamu zikijaa zinafika volti 12.6. Zile 10 za nikeli, zikitoka tu kwenye chaja, hukaribia 14. Mota imeshazoea zaidi ya hapo. Drili ya volti 18 inachukua seli tano za lithiamu.

Dhana inayonitia hofu kweli ni hii: "Chaja ni ile ile, mradi plagi inaingia." Hapana! Chaja ya nikeli husukuma umeme mpaka ione dalili kwamba betri imejaa, yaani joto kupanda au volti kudondoka kidogo. Nyingine za bei rahisi hazitazami chochote, zinasukuma tu mpaka uchomoe. Lithiamu haitoi dalili hiyo ya volti. Ikipita volti 4.2 kwa seli inaanza kuharibika, inaweza kuvimba na hata kushika moto, na karakana yenyewe imejaa maranda. Nunua chaja ya lithiamu ya volti 12.6 kwa seli tatu, au 21 kwa seli tano. Weka pia bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, lakini usiifanye mbadala wa chaja. Kazi yake ni kukata umeme mambo yakiharibika, pamoja na pale betri inapokaribia kuisha kabisa, maana lithiamu ikikaushwa mno nayo hufa.

"Seli za laptop zinatosha." Umbo linalingana, milimita 18 kwa 65, ila laptop hula ampea chache. Drili ikikwama ndani ya mbao ngumu huvuta makumi ya ampea, na seli hizo zinachemka au bodi inakata kila mara. Tafuta zinazohimili ampea 20 au zaidi. Ukiona seli ya ukubwa huo imeandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na seli), irudishe kwa muuzaji. Hakuna inayofika hata nusu yake.

Kuchomea risasi moja kwa moja juu ya seli pia si sawa, joto linaiumiza kwa ndani. Mpe fundi mwenye mashine ya kuchomelea vibati vya nikeli kwa nukta.

Seli za zamani zisichomwe wala kutupwa shimoni, kwa sababu kadimiamu ni sumu na huingia kwenye udongo na maji. Ziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, mbali na watoto, mpaka umpate anayepokea betri chakavu.