Msee anareizi kila mkono? Acheni kungoja esi mbili

Nafundisha poka, na kila wiki lazima mwanafunzi mmoja aniletee ile stori ya mtu anayereizi, yaani kupandisha dau, kila mkono (kila raundi ya karata). "Kochi, kwa meza yetu kuna jamaa anareizi kila mkono, so mimi nilikaza tu nikangoja mkono mkali nimmalize." Halafu anaongeza ati alienda home mfuko ukiwa mtupu na haelewi pesa ilienda wapi. Nimeisikia kwa wasee wa kasino za Westlands, nimeisikia kwa wale wanacheza kwa nyumba Kilimani, na ni makosa yaleyale, kwa hivyo leo naiandika yote.

Dhana yenyewe ni hii: dawa ya mtu mkali, yule anabeti na kureizi kila saa, ni kungoja esi mbili, zile karata za A.

Hebu tupige hesabu. Kwa Texas Hold'em, ile poka kila mtu ana karata mbili zake na tano za wote zinafunguliwa mezani, esi mbili zinakuja kwa wastani mara moja kwa mikono 221. Ongeza kingi mbili na kwini mbili, bado ni mara moja kwa mikono 74 hivi. Meza yenye dila anagawa kwa mkono inapiga mikono kama 30 kwa saa, hapo unaweza kaa masaa saba ndio uone esi mara moja, na muda huo wote blindi, yaani dau za lazima za kila mzunguko, zinakukula. Tuseme ni 50 na 100, mko watu tisa: kila mzunguko unatoa 150, mizunguko ni zaidi ya mitatu kwa saa, hiyo ni karibu shilingi 500 kila saa na hujacheza mkono hata mmoja. Mbaya zaidi, yeye ana macho. Amekuona ukifoldi (ukitupa karata) tangu jioni, sasa ghafla umereizi, mbona akulipe? Anatupa karata, unaokota poti ndogo, ile pesa iko katikati ya meza, unarudi kungoja.

Kitu unafaa kufanya ni kushusha kiwango cha mkono unaoukolia (kukoli ni kulipa dau lake uendelee). Mtu anayebeti na kila kitu, mara nyingi hana kitu, kwa hivyo peya (karata mbili za aina moja) ambayo ungeitupa mbele ya mzee mtulivu, kwa huyu ni mkono wa maana sana. Chukua mfano una esi na kumi, meza inafunguka kumi, sita, mbili. Anabeti, unakoli. Karata ya nne inakuja jeki, anabeti tena, unakoli. Riva, yaani karata ya tano na ya mwisho, ni nne, poti iko 6,000 na anasukuma 6,000 zingine. Hapa ndipo watu wangu wote wanafoldi, na inaniuma! Unalipa 6,000 upate 12,000, maana yake ukishinda mara moja tu kati ya tatu hujapoteza kitu. Akibeti nusu ya poti, yaani 3,000, inatosha ushinde mara moja kati ya nne. Sasa jiulize, huyu mtu ambaye umemuona akionyesha takataka usiku mzima, kweli ana jeki ama peya mbili zaidi ya mara mbili kati ya tatu? Koli. Na nimesema koli, usireizi, juu ukireizi hapo karata mbovu zote zinakimbia na zile zinakushinda ndizo zinabaki.

Nyingine: "mblafu (mtishie kwa dau bila mkono) naye aone." Hapana. Kuna wenye wanabeti sana na pia wanakoli sana, hao ukiwablafu umewapea pesa. Kazi ya kublafu mwachie yeye, wewe kazi yako ni kulipwa ukiwa na kitu.

Ile ya kukaa mbali naye pia muitoe kichwani. Kiti kizuri ni kile cha kushoto kwake, aamue kwanza, wewe uamue ukishajua amefanya nini, na ukiwa na mkono mzuri unareizi juu yake wengine watoke mbaki wawili. Mimi huambia kila mwanafunzi aombe kiti hicho kikiachwa wazi, kabla hata ya kuitisha soda.

Na tafadhali msiniambie ati "ana nyota." Esi mbili dhidi ya karata zozote mbili zinashinda kama asilimia 85, kwa hivyo zitavunjwa karibu mara moja kati ya saba. Hata saba na mbili, mkono ambao kila mtu anaucheka, huzipiga esi kama asilimia 12 ya wakati. Mtu anayeingia kila poti lazima mmuone akibahatika mbele yenu, ile mara zingine amepoteza hamzikumbuki.

Ila kwa sababu poti zake ni kubwa, pesa itapanda na kushuka vibaya hata ukicheza sawa. Kuja na pesa ya meza uliyoitenga, ya kutosha kujaza tena mara mbili au tatu, na kama italazimu ufulize (ukope kwa simu) ndio ukae, siku hiyo usikae.