Je, wajua kwa nini nyuzi za plagi zilizotengenezwa upya huweza kuzishinda za kiwandani?

Fundi anakaza plagi, kile kifaa cha kutoa cheche ndani ya injini, spana inazunguka, inazunguka tena, haishiki. Nyuzi, yaani mikato ya mzunguko inayoshika plagi kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), zimeliwa. Mwenye gari, awe yuko Dodoma mjini au amekwama njiani kuelekea Singida, huanza papo hapo kupiga hesabu ya hedi nzima. Asiwe na haraka.

Hedi za magari mengi ya siku hizi ni za aluminiamu, na plagi ni ya chuma. Aluminiamu ni laini, tena ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana kufungua plagi injini ikiwa bado ya moto ni kuitafuta hasara. Kiangazi cha Dodoma nacho huongeza lake: vumbi hujaa kwenye shimo la plagi, na usipolipuliza kwa upepo kabla ya kufungua, mchanga unasaga nyuzi. Wengine huanzishia plagi kwa spana badala ya vidole, ikaingia upande.

Dawa yake ni helikoili, waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi ya kalamu. Fundi hupanua tundu, hukata nyuzi mpya pana zaidi kwa tepu, yaani chuma maalumu cha kukatia nyuzi, kisha huuzungushia waya ule ndani. Helikoili hutengenezwa ikiwa nene kidogo kuliko tundu, hivyo ikishaingia hujisukuma kwenye kuta na kujibana bila gundi. Upande wake wa ndani unabaki na kipimo kilekile cha plagi, ambacho kwa magari mengi ni milimita 14.

Nguvu inatoka wapi? Nyuzi zilizochongwa kwenye aluminiamu sasa ni pana, kwa hiyo zina nyama zaidi ya kushikia. Kuna na jambo ambalo wengi hawalifikirii: kwenye nyuzi za kawaida, uzi wa kwanza ndio hubeba mzigo mkubwa kuliko wenzake. Waya wa helikoili hunepa kidogo, mzigo ukagawanyika. Halafu plagi inayofungwa na kufunguliwa inasugua chuma, si aluminiamu.

Ila kazi hii inadai mkono mtulivu. Tepu ikiingia imeinama, washa ya plagi, ile pete yake ya kuzibia, haitakaa sawasawa na moshi utavuja. Kama hedi haijashushwa, tepu ipakwe grisi ili inase vipande, itolewe na kufutwa mara kwa mara. Hatari kubwa zaidi ni kile kilimi cha chini cha helikoili kinachokatwa mwishoni: kikidondoka ndani ya silinda, umejitengenezea tatizo jingine. Kivutwe kwa koleo jembamba, kisigongwe. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi hupendelea bushi nzima ya chuma, yaani bomba fupi lenye nyuzi na ukingo juu, nami kwa tundu la plagi nawaunga mkono.

Anayekuletea utepe mweupe wa mabomba au gundi ya chuma, mshukuru uondoke. Havihimili moto wala mgandamizo wa silinda.

Plagi mpya yenye washa izungushwe kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana iongeze nusu mzunguko au zaidi kidogo, basi. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, milimita 14 kwenye aluminiamu hukazwa kwa niutoni-mita 25 hadi 30.