Oili nyeusi si lazima iwe imechoka

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, utamwona fundi wa boti akichomoa kijiti cha oili, anasugua tone kwa vidole na kutoa hukumu: "Nyeusi hii, mwaga." Kwa injini ya dizeli, hukumu hiyo haina uzito. Oili yake huwekewa viambato vinavyokamata masizi yasigande kwenye vyuma, hivyo inaweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Kuwa nyeusi ni sehemu ya kazi yake.

Kinachoua injini mara nyingi hakionekani. Dizeli ikivuja ndani ya oili, rangi ni ileile. Maabara huipima kwa kikombe chenye kifuniko: joto hupandishwa taratibu, mwali mdogo ukiingizwa kila baada ya muda, hadi mvuke umweke. Dizeli kidogo tu inatosha kulishusha sana joto la mmweko huo, na hapo suala la moto botini si mzaha.

Mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, nao hupimwa kwa mrija mwembamba wa kioo, ndani ya joto la nyuzi 40 au 100 lisiloyumba, kwa kuhesabu sekunde oili inazotumia kushuka kati ya alama mbili. Vidole havijui nyuzi. Oili yoyote ya moto ni nyepesi.

Maji ndani ya oili ni rahisi zaidi kuyagundua: tone la oili yenye maji kwenye bamba la moto hutatarika.

Pasipo maabara, fuata saa za kazi zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini, na kiwango kikipanda chenyewe kwenye kijiti, usiwashe.