Je, wajua kwa nini hesabu ya viazi hutisha kuliko zimwi?

Mtu yuko peke yake kwenye sayari ya Mirihi. Wenzake wameondoka wakidhani amekufa. Ana viazi vibichi, ana udongo, ana kinyesi cha kufanyia mbolea, ila maji ya kumwagilia hayatoshi. Zimwi hakuna, mwenye bunduki hakuna, na bado msomaji anakesha na kitabu mkononi. Imekuwaje?

Riwaya yenyewe ni The Martian ya Mmarekani Andy Weir, iliyotoka mwaka 2011 na kufanywa filamu mwaka 2015. Mhusika wake, Mark Watney, anaamua kujitengenezea maji. Anachukua haidrazini, ambayo ni mafuta ya roketi, anaipitisha kwenye madini ya iridiamu ili ivunjike iwe nitrojeni na haidrojeni, kisha anaiunguza haidrojeni pamoja na oksijeni. Maji yanapatikana. Kemia hiyo ni ya kweli kabisa. Aliyewahi kusogeza kijiti cha moto kwenye tyubu yenye haidrojeni maabara ya shuleni anaukumbuka ule mlio, pop! Sasa fikiria tyubu hiyo ndiyo nyumba unayolala.

Watney anaijua hatari. Anaipunguza oksijeni hewani, anavaa barakoa ya kupumulia, ndipo anawasha. Nyumba inalipuka hata hivyo. Alisahau kwamba pumzi tunayoitoa huwa na oksijeni bado: hewa ya kawaida tunaivuta ikiwa na asilimia 21, tunaitoa ikiwa na takribani 16. Kosa lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote, nasi tukalipita kama yeye.

Hapo ndipo ilipo siri ya taharuki ya namna hii. Msomaji anapoamini kwamba sayansi ni ya kweli, anajua pia kwamba mwandishi amejifunga mikono. Hawezi kuleta mashine ya ajabu ukurasa wa mwisho ikaokoa jahazi. Chakula ni kiasi fulani, siku ni kadhaa, na kutoa na kugawanya tunaweza wote. Tunaanza kupiga hesabu pamoja na mhusika, na hofu inakuwa yetu. Zimwi, kwa upande wake, lina nguvu kadiri mtunzi anavyotaka leo. Kesho akilipunguzia, nani atamuuliza?

Hata umbali unafanya kazi hiyo. Mawimbi ya redio kutoka Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika Duniani, kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje. Ukiomba msaada, jibu likikufikia mambo yamekwisha, kwa heri au kwa shari.

Weir aliianza hadithi hii kwa kuitoa sura moja moja kwenye tovuti yake, na wasomaji wenye elimu ya sayansi wakawa wanamsahihisha. Ndiyo maana kosa lake kubwa linachekesha: ile dhoruba ya mwanzo, inayomwangusha Watney na kuwakimbiza wenzake, haiwezekani. Kanieneo ya hewa ya Mirihi, yaani nguvu inayogandamiza nayo, haifikii asilimia 1 ya ile ya Duniani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa kule ungekusukuma kama wetu wa kilomita 13 hivi, wa kupeperusha khanga kwenye kamba.

Naye alijua. Amesema mwenyewe kwamba angeweza kutumia hitilafu ya injini badala yake, ila alitaka sayari ndiyo ipige kofi la kwanza. Mimi nimemsamehe, kwa sababu uongo ule aliutanguliza mlangoni, kabla hatujaanza kuhesabu viazi. Angeuleta katikati, wakati Watney amebakiwa na chakula cha kupimia, ningekifunga kitabu.