Athi ya antena ya nje: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii, ukanda ambao unyevu wa Ziwa Victoria huzalisha ngurumo nyingi, milingoti ya antena imesimama juu ya mabati ya nyumba nyingi, lakini iliyofungwa athi, yaani waya na fimbo vya kupeleka umeme ardhini, ni michache. Sababu moja ni imani kwamba waya wa athi huvuta radi. Radi huelekea kwenye kitu kilichoinuka, kiwe na athi au kisiwe nayo. Kazi ya waya huo ni kuipa njia fupi ya kushuka ardhini, ili sehemu kubwa ya nguvu yake isipitie kwenye kebo hadi sebuleni.

Dhana inayonisumbua zaidi, kwa kuwa hata mafundi wazuri huishikilia, ni kwamba ukishapigilia fimbo ya athi chini ya mlingoti, kazi imekwisha. Fimbo hiyo isipounganishwa kwa waya mnene wa shaba na athi ya umeme wa nyumba, radi ikipiga jirani, ardhi ya upande mmoja hupanda maelfu ya volti kuliko ya upande wa pili, na tofauti hiyo husawazika kwa kupitia kebo, king'amuzi na waya wa ukutani. Ndiyo maana aliyegharamia athi huunguliwa na vyombo vilevile. Fimbo yenye urefu wa takriban mita 2.4 izamishwe yote, waya ushuke bila kona kali, wavu wa waya ulio chini ya ganda la kebo ufungwe kwenye athi kabla ya kebo kuingia ndani, na maungano na athi ya nyumba yafanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati.

Mabati nayo si athi, kwani yamelala juu ya mbao. Hata athi iliyo kamili haizuii kila msukosuko wa umeme, hivyo chomoa kebo na plagi mapema, kabla dhoruba haijafika.

Wapo pia wanaodhani kwamba nyaya za umeme zinazopita juu ya boma zina kinga ya plastiki. Nyingi ziko wazi. Mlingoti usimame mbali nazo kwa umbali usiopungua urefu wake mara mbili, na ukianza kuziangukia wakati wa kuuinua, uachilieni wote mara moja, msijaribu kuudaka.